Mke Wangu Anaamini Gari Letu ni Jipya

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kama utacheka basi cheka upesi umalize kisha unijibu, maana Jumamosi mke wangu anaingia kwenye gari letu kwenda kumchukua mama yake kule juu mlimani, na nyumbani kwetu ni mimi peke yangu ninayejua kwamba gari hilo si jipya na kwamba breki zake siku hizi zinakubali kwa mdomo tu, utekelezaji unakuja baadaye.

Mimi ni fundi makochi. Navalisha makochi, viti vya ofisini, viti vya saluni, hata mabenchi ya chumba cha kusubiria cha daktari mmoja wa meno niliyavalisha mimi, na wagonjwa wanasema maumivu yote huwa juu, huku chini hakuna malalamiko. Sisemi hivi kujisifu, nasema ili ujue kazi yangu naijua, kwa sababu ndani ya barua hii kuna mahali utafika utadhani hakuna ninachokijua duniani.

Mke wangu ni mkunga. Miaka yote amekuwa akienda kazini kwa lifti za watu na pikipiki za kubahatisha, mvua yake, jua lake, ndipo tukakubaliana tuweke akiba tununue gari, na akiba hiyo aliweka yeye zaidi kuliko mimi, nalisema mapema kabla hujaliona mwenyewe. Ubishi ukaja kwenye kununua. Yeye alitaka gari lililotumika lakini zima, mimi nikataka jipya. Nielewe, Mshauri. Maisha yangu yote nashinda na vitu vilivyochoshwa na wengine. Kochi likifika kwangu limekojolewa na watoto, limelaliwa na mashemeji, ukilipasua unatoa vijiko, vifungo na vichana, halafu nalifanya jipya na mwenyewe anakuja kulichukua. Mara moja tu kabla sijafa nilitaka kitu ambacho makalio ya kwanza kukikalia yawe yangu.

Nilimweleza hivyo hivyo, akaniangalia, akasema, “Baba watoto, vitu vipya ndiyo kazi yangu. Kila siku napokea kipya. Sijapokea hata kimoja ambacho hakikuwakesha wenyewe na kuwamalizia pesa. Nitafutie gari ambalo limeshajifunza kutembea.”

Na gari la namna hiyo lilikuwepo, tena hatua chache kutoka kwetu. Mwalimu mstaafu wa mtaa wetu, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wanaonipita hapa nje, alikuwa anahamia kwa mwanawe na akawa anauza lake, gari dogo la rangi ya chai ya maziwa, kuukuu kweli lakini injini yake inanong’ona. Alitukalisha barazani akatutajia maovu yake yote kama anayesoma ripoti ya mwanafunzi. “Mlango wa nyuma kushoto haufunguki kwa ndani. Redio ilikufa, nami sikuizika. Mlimani linataka subira. Yaliyobaki ni mazima, lakini msiniamini mimi, leteni fundi wenu.” Na bei yake ingetuachia chenji ya matairi na bima. Mke wangu macho yalimng’aa.

Tatizo ni kwamba gari lile linaamkiwa. Usinicheke, nakueleza nilichokiona. Watoto wa mtaa huu wamezoea, wakiliona tu linakuja wanasimama kando wanasema “Shikamoo mwalimu” kabla hawajatazama ni nani yumo ndani. Nimeliona limeegeshwa tupu na mtu mzima, baba wa familia, akaficha sigara mgongoni alipolipita. Nililichukua kulijaribu mpaka njia panda na kurudi, nikaamkiwa njia nzima, mama mmoja akanisimamisha akainama dirishani akaanza kunilalamikia kuwa mwanawe hesabu zinamshinda. Nikajiona mimi, na umri huu, nimenunua gari kwa jasho langu na la mke wangu, halafu mpaka kufa kwangu naendesha gari la mwalimu. Nikalirudisha nikamwambia mke wangu injini inagonga. Haikuwa inagonga.

Kisha nikasema uongo wa pili ili kuubeba wa kwanza. Nikamwambia nina mteja mwenye duka la magari mapya, nimemvalishia makochi ya sebuleni, na ameniahidi bei ya kirafiki. Mteja ni wa kweli. Urafiki ndio niliouongezea. Mke wangu alifikiri sana, akasema, “Sawa. Kama ni jipya kweli, angalau miaka michache halitanisumbua, nitakuwa najua nikikanyaga linakwenda na nikikanyaga linasimama.” Akanikabidhi fedha. Kabla hata sijavaa viatu vya kwenda dukani nilikuwa nimeshawatangazia kinyozi, dada yake mke wangu, na wateja wawili waliokuja kuulizia mito.

Dukani alinipokea dada mmoja mwenye adabu, akaniletea maji ya baridi, akanikaribisha kwenye kiti ambacho nilikibonyeza kidogo na kukuta sponji yake ni nzuri. Nilipomtajia nilichokuwa nacho hakucheka, Mshauri, na heri angecheka. Aliniuliza kwa upole kama hayo ndiyo malipo ya kwanza. Kisha akaniongezea maji. Yule mteja wangu aliniona kupitia kioo, akatoka mbio, nikadhani ukombozi umefika, kumbe anaulizia stuli yake imefikia wapi.

Kurudi nyumbani bila gari sikuweza, kinyozi alikuwa ameshaanza kuniuliza nitaliegesha upande gani. Nikaenda kwenye yadi moja pembeni ya mji, magari yamepangwa yanametameta kama meno ya bandia, na dalali wake, mtu mwenye miwani ya jua juu ya paji la uso, akanipokea kwa “karibu bosi” ambayo kwa siku ile ilikuwa dawa. Akanionyesha moja la rangi ya fedha. “Hili bosi lilikuwa la mama mmoja mtulivu, kazini nyumbani, nyumbani kazini. Nikufungulie boneti?”

Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nikamwambia boneti ingoje, kwanza nione viti.

Nilivikagua viti vile, Mshauri, kama daktari. Nilibonyeza sponji, nikavuta nyuzi, nikachungulia springi kwa chini, nikanusa kona. Aliyevishona alikuwa fundi haswa. Nikajisemea moyoni, mtu aliyetunza viti namna hii hawezi kuwa ameacha injini ikaoza. Dalali akatikisa kichwa akasema, “Bosi, nimeuza magari mengi, sijapata kuona mtu anayekagua kama wewe.” Sikujua kwamba ananisifu kama fisi anavyousifu mfupa. Nililipa. Boneti ilibaki imefungwa, na mpaka nilipofika nyumbani nilikuwa sijui hata inafunguliwa kwa wapi.

Nililiingiza karakanani mke wangu akiwa kazini, na Jumapili nilijifungia nalo humo. Nikatia sponji mpya, kitambaa kipya, gundi mpya, nikapaka rangi palipokwaruzika, halafu nikafunika viti vyote kwa nailoni nzito, ile ninayofunikia kochi linapokwenda kwa mwenyewe. Na nikagundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, kwamba ile harufu ya gari jipya inayowalevya watu ni gundi, sponji na nailoni, ni harufu ya karakana yangu, nimeivuta maisha yangu yote bila kujua ni ya kitajiri. Mke wangu alitoka nje, akanusa, akakaa, nailoni ikapiga kelele chini yake, akacheka akanipiga bega akasema, “Leo umenishinda, bwana wewe.” Mshauri, neno hilo sijawahi kulisikia kutoka kwake tangu tuoane. Kama asingelisema labda ningetubu palepale.

Tangu hapo sina raha. Ndani ya gari kuna joto, shemeji yangu akishuka inabidi ajibandue kwanza, mke wangu anasema tutoe nailoni, mimi nasema gari jipya halivuliwi haraka. Lile la mwalimu lilinunuliwa na mama muuza vifaa vya ujenzi pale kona, watoto wanamwamkia naye anaitikia “marahaba” bila aibu na kuwauliza kama wamenawa mikono, na juzi alitupita kwenye kilima cha kliniki huku letu linahema. Mke wangu akaigonga dashibodi akasema, “Hiki kipya chetu kilizaliwa kabla ya miezi yake nini?” Nikacheka sana, kupita kiasi.

Kisha pedali ya breki ikaanza kuzama. Nikadanganya ninakwenda kuchukua vitambaa, nikalipeleka kwa makenika. Akalala chini yake, akatoka anajifuta mikono, akaniuliza, “Kaka, huku ndani nani kakufanyia?” Nikasema mimi mwenyewe. “Kazi safi. Sasa huku chini umenunua kochi lisilo na miguu. Breki za mbele zimekwisha, bomba la mafuta ya breki linavuja. Liache hapa. Ukishindwa kuliacha, usilipeleke penye mteremko.” Mshauri, sikuliacha. Gari jipya lilale kwa makenika, nikamweleze nini mke wangu? Na fedha ya kumlipa iko ndani ya viti, imekuwa sponji.

Sasa ndiyo ametangaza safari. Jumamosi anapanda kwa mama yake, anamteremsha yeye pamoja na shemeji yangu mkubwa anayeishi naye kuja mjini kwa daktari wa macho, na barabara ile ya kuteremka ina kona ambazo hata abiria hukanyaga sakafu. Nikasema tukodi gari. Akaniangalia. “Tukodi gari na tuna jipya mlangoni? Unaumwa?” Nimefikiria kujifanya naumwa kweli, lakini yule mwanamke kazi yake ni kujua nani ana uchungu na nani anajisumbua.

Kinyozi, ambaye nimelazimika kumwambia, ananishauri nikope, niliuze hili kimyakimya, nilete jipya la kweli linalofanana nalo, asijue. Wengine wangesema nitengeneze breki kwa siri polepole. Au nimwambie? Na nikimwambia naanzia wapi, kwani huyu si wa kupiga kelele, huyu hunyamaza, na kimya chake kinaweza kuingia ndani ya nyumba kikahamishia na vyombo. Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Ni mimi,
Mwenye Nailoni


MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Nailoni,

Nimecheka, kama ulivyoniruhusu. Nimemaliza pale bomba lilipoanza kuvuja. Kuanzia hapo nilisoma nikiwa nimesimama, na kwa mtu wa tumbo langu kusimama si jambo dogo.

Nikutoe wasiwasi kwanza: mimi si wa kukudharau kwa habari ya magari. Langu ni kuukuu kiasi kwamba likiwaka mara ya kwanza majirani hutoka nje kuuliza kuna habari gani. Likigoma na watu wema wakija kulisukuma, huniomba nishuke kwanza ili uzito upungue, halafu likiwaka inabidi nilikimbize nikiwa nimeshika mlango, na mke wangu, aliye ndani akicheka, husema anawashangaa wanaoniletea matatizo yao. Kwa hiyo yasikie haya kutoka kwa mtu mwenye mkweche, ambaye naye mwenyewe ametumika kidogo.

Ulitamani kukalia kitu kabla ya wengine wote. Hilo silioni kuwa dhambi, na mtu anayeshinda akichomoa vichana kwenye makochi ya watu ana haki ya kulitamani kuliko mimi. Gari jipya ni zuri kwa mwenye uwezo wa kulinunua akabakiwa na fedha ya mafuta, bima, na kula wakati linapumzika. Kwako wewe fedha yote ilikuwa inafika mlangoni tu, na huyo dada wa dukani alikueleza hivyo kwa heshima kubwa kuliko wengi tunavyoelezwa. Alikupa maji mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kukuaga.

Sasa hili la kuamkiwa. Mwanamume mwenzangu, nimewaona watu wanajifunga madeni mpaka shingoni, wananunua magari marefu kama mikutano, ili tu wakipita mtaani mtu mmoja aseme shikamoo. Wewe shikamoo ilikuja bure, pamoja na gari, tena kutoka kwa watoto ambao hawakutaka chochote kwako, ukaikimbia ukasema injini inagonga. Kilichokuwa kinagonga si injini. Na mama wa vifaa vya ujenzi, ambaye hajaona shida kuitikia marahaba isiyo yake, anapanda kilima.

Nije kwenye viti. Nimeisoma sehemu ile mara kadhaa nikampa na mke wangu aisome. Uliletewa gari, dalali, tena dalali, ndiye aliyejitolea kufungua boneti, na wewe ukamwambia ingoje. Sijapata kusikia mnunuzi aliyemwokoa dalali namna hiyo. Kila fundi hukagua anachokijua, hilo ndilo tatizo letu sisi wenye fani. Mimi nikienda kununua kuku nitamsikiliza kwanza kama ana matatizo ya ndoa. Ndiyo maana mwalimu aliwaambia leteni fundi wenu, na alisema hivyo juu ya gari ambalo angeweza kuapa kwamba ni zima. Muuzaji anayekutajia ubovu wa mlango wa kushoto ndiye wa kukaa naye barazani. Anayekuambia lilikuwa la mama mtulivu, mwulize mama huyo yuko wapi umsalimie.

Haya, utani umetosha, kaa chini.

Ungempelekea mkeo gari kuukuu ukamwambia ni kuukuu, angelishughulikia kama kuukuu. Angesikiliza kila mlio, angekwenda polepole, angeuliza fundi. Huyu ni mtu ambaye kazini kwake hathubutu kudhani, hukagua akarudia kukagua. Wewe ukampa neno moja, jipya, naye kwa kukuamini akaacha kukagua. Hukumuuzia gari, ulimvua tahadhari. Alikwambia waziwazi anachokinunua kwa fedha yake: nikikanyaga linakwenda, nikikanyaga linasimama. Hicho hasa ndicho ambacho hukumletea, na tangu makenika aseme, unajua hukumletea, na bado kila asubuhi unamtazama anaingia humo kwenda kuzalisha wake za watu.

Sitakubembeleza hapo. Uongo wa injini kugonga ni wa mtoto. Uongo wa bei ya kirafiki ni wa mwanamume mwenye haya. Kulichukua gari kutoka kwa makenika na kulirudisha mlangoni ni jambo lingine kabisa, sina utani nalo.

Ushauri wa kinyozi uache kwake, abaki na nywele. Kukopa ili kuficha ulichonunua bila kukopa ni kuchimba shimo la pili upate udongo wa kufukia la kwanza. Na kutengeneza kwa siri, polepole, hakuna. Breki hazishonwi. Siri ya breki huwa inajisema yenyewe siku moja, na inachagua yenyewe kona ya kusemea, na siku hiyo ndani ya gari watakuwamo mkeo, mama mkwe wako na shemeji yako, wewe ukiwa nyumbani unavuta harufu ya gundi.

Unaniuliza unaanzia wapi. Usianzie kwa mwalimu, wala kwa dalali, wala kwa maji ya baridi, na nakujua utataka kuanzia kwenye makochi yaliyokojolewa ili akuonee huruma. Anzia kwenye breki. Mwambie hivi: “Mama watoto, usiliendeshe gari. Breki zake ni mbovu, na nilijua.” Hayo maneno mawili ya mwisho utatamani kuyaruka. Ukiyaruka hujasema kitu. Kisha mwambie si jipya, umelinunua wapi, na kilichobaki ni kiasi gani, na kama hakuna kilichobaki sema hakuna.

Atanyamaza. Mwache anyamaze. Wewe kazi yako ni kujaza kila palipo wazi, lakini kimya kile usikitie sponji. Usiseme nilifanya kwa ajili yako, kwa sababu hukufanya kwa ajili yake. Akitoka akaenda kulala kwa dada yake, mchukulie begi mpaka nje, na wakati huo asitoke na lile gari.

Gari lenyewe livutwe kwa kamba mpaka kwa makenika, mchana kweupe, mtaa mzima uone. Najua hiyo itakuuma kuliko yote. Litavutwa hivyo hivyo. Fedha ya breki na bomba itoke kwako, kwenye kazi zako, anza na ile stuli ya tajiri maana nina hakika hujaimaliza. Usiguse akiba yake tena, hata kama ataitoa mwenyewe. Safari ya Jumamosi, nenda leo kwa mama wa vifaa vya ujenzi, mwombe awapeleke na kuwarudisha kwa malipo, na wewe ukae kiti cha nyuma upande wa kushoto, kule ambako mlango haufunguki kwa ndani, ili mkifika ungoje kufunguliwa. Njiani mkiamkiwa, itikia.

Gari likishapona, atakayeamua kama linabaki au linauzwa ni yeye. Mkiliuza, mtamtajia mnunuzi kila ubovu kabla hajauliza, na mtamwambia viti vimeshonwa upya na nani. Na mtakaponunua tena, hata liwe limetumika na watu kumi, wewe utabaki nyumbani, aende yeye na makenika atakayemchagua mwenyewe. Boneti kwanza, chini ya gari pili, kilimani tatu, kisha fedha kidogo ibaki kando kwa yale ambayo hata makenika hakuyaona. Viti vikaguliwe mwisho, tena kwa kuvikalia tu.

Jambo la mwisho. Barua za namna hii kwa kawaida tunazibadilisha kidogo kabla ya kuzichapa. Fundi makochi angekuwa seremala, mkunga angekuwa karani wa posta, mlima ungekuwa kivuko, na hakuna mtu mtaani ambaye angemtambua mwenzake. Hii yako sikuigusa hata nukta. Hukuniachia namba ya simu, nami nilikuwa na njia moja tu ya kukufikia kabla ya Jumamosi, ambayo ni hii. Gazeti linaingia mitaani Ijumaa alfajiri, na sidhani katika mji wenu kuna mafundi makochi wengi waliooa wakunga. Kinyozi atalisoma, mama wa vifaa atalisoma. Unao muda kati ya kulisoma wewe na kulisoma yeye, nami siwezi kukuhakikishia kwamba ni mrefu. Ukinikasirikia, nikasirikie. Afadhali nikose msomaji mmoja.

Na wewe, mama, kama ukurasa huu umekufikia yeye akiwa bado anazungukazunguka uani akitafuta pa kuanzia: gari usiliwashe. Hata kulisogeza kivulini usilisogeze. Tia funguo mfukoni, nenda kazini kwa miguu, na jioni ukirudi usimuulize kitu. Kaa mezani, mtazame, umwache aseme.